Kitabu Kiko, Lakini Je, Kipo?

Kiswahili kinatupa njia tatu za kumjibu anayeuliza habari za kitu. Tukisema kitabu kiko, tunakiri kwamba hakijatoweka duniani, ila mahali hasa hatupataji. Tukisema kipo, tunajua kilipo, na tukitakiwa tunaweza kunyoosha kidole. Tukisema kimo, kimo ndani ya kitu kingine: kabatini, sandukuni, au katikati ya kurasa zilizojalidiwa pamoja. Mtoto anayekulia katika lugha hii huijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma. Ajabu ni kwamba katalogi ya maktaba, chombo kilichobuniwa kujibu swali hilo hilo, yaweza kujaa maelfu ya rekodi nzuri na bado isivuke neno la kwanza. Humwambia msomaji kwamba kitabu kiko, ikaishia hapo. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi ya kugeuza kiko kuwa kipo, yaani kuandika kwa makini taarifa za nakala ambazo maktaba yenyewe inazo, ndiyo kazi pekee ya katalogi ambayo maktaba haiwezi kuazima kwa mwingine. Kwa sababu hiyo, ndiyo inayostahili kutangulizwa wakati wa kugawa watu, muda na fedha.

Tuanze na kitabu kinachojulikana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, ikaja toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Katika katalogi, kila toleo hupata rekodi yake ya maelezo: jina la kitabu, taasisi iliyokiandaa, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, mada, na namba ya kimataifa ya kitabu, ISBN, kama inayo. Maelezo hayo ni ya toleo zima, na ukweli wake haubadiliki ukiwa Kigoma, Mombasa au London. Lakini hakuna anayesoma toleo zima. Kila msomaji husoma nakala moja, ile aliyoishika mkononi. Tuseme maktaba ya chuo fulani ina nakala tatu za toleo la 1981. Ya kwanza imewekwa sehemu ya rejea na haitoki nje ya jengo. Ya pili hukaa kwenye rafu za kuazimisha, na kwa sasa ameichukua mtu. Ya tatu imechanika kurasa za herufi M, imepelekwa stoo inamsubiri fundi wa kujalidi. Rekodi ya maelezo haiwezi kusema hata moja kati ya hayo, maana hayahusu kamusi iliyotungwa, yanahusu karatasi zilizomo ndani ya jengo lile. Anayeyasema ni mwenziwe mdogo anayefungwa chini ya rekodi hiyo: taarifa za nakala.

Ukizitazama kwa karibu, taarifa hizo ni mistari michache tu. Katika MARC 21, utaratibu wa kuandika rekodi za maktaba unaotumika katika nchi nyingi, makazi ya kitabu huandikwa kwenye uga wa 852, uga ukiwa ni kama chumba kimoja ndani ya nyumba ya rekodi. Chumba hicho nacho kina pembe zake, kila pembe na herufi yake: a ni taasisi, b ni tawi au mkusanyo, c ni mahali pa rafu, h ni namba ya uainishaji, p ni namba ya msimbopau uliobandikwa kwenye nakala, t ni namba ya nakala. Koha, programu huria ya maktaba inayotumika pia katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, hutumia uga wa 952, na humo mna nafasi za kuonyesha kwamba nakala imepotea, imeharibika, imeondolewa au haiazimishwi. Katika uainishaji wa Dewey, lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392. Sasa mwanafunzi anayeitafuta kamusi yetu anaona kwenye kioo cha kompyuta mistari mitatu: rejea, ghorofa ya kwanza, 496.392, nakala ya 1, husomwa humu humu. Rafu kuu, nakala ya 2, imeazimwa, itarudi tarehe 14. Stoo, nakala ya 3, inatengenezwa. Kabla hajainuka kitini ameshajua apande ghorofa ya kwanza. Mistari hiyo ikikosekana, atazunguka rafu kuu nusu saa akitafuta kitabu kilichoko nyumbani kwa mtu mwingine.

Kwa nini basi sehemu yenye manufaa kiasi hiki imekuwa mtoto wa kambo? Haikuanza hivyo. Mwaka 1876 Charles Ammi Cutter, mkutubi wa Marekani, alipotoa kanuni zake za kutengeneza katalogi, alitaja miongoni mwa malengo yake kumwonyesha msomaji vitabu ambavyo maktaba ile inavyo vya mwandishi fulani au juu ya mada fulani. Vitabu vya dunia nzima havikuwa hesabu yake. Kisha mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza kuziuzia maktaba nyingine kadi zilizokwisha kuchapwa, biashara iliyodumu hadi 1997. Kadi moja iliweza kukaa katika droo za maktaba nyingi ikiwa na maneno yale yale, na mkutubi wa kila mahali akabakiwa na kazi ya kupiga chapa namba ya rafu yake kwenye kona ya juu, kushoto. Miaka ya 1960 Henriette Avram wa maktaba hiyo hiyo aliongoza kazi ya kuihamishia kadi hiyo kwenye kompyuta: majaribio ya MARC yalianza 1966, na kufikia 1969 rekodi zilikuwa zinasambazwa kwa kanda za sumaku. Utaratibu wa kuandika taarifa za nakala kwa namna hiyo hiyo ulikuja miaka ya 1980. Kwa zaidi ya miaka 10, basi, maktaba zilikuwa zikipeana maelezo ya vitabu kwa kompyuta kabla hazijapatana jinsi ya kuandika nani ana nini. Kilichotangulia kilipata vitabu vya mafunzo, wataalamu na heshima. Kilichofuata kikachukuliwa kuwa kazi ya kubandika lebo.

Heshima hiyo imepinduka juu chini, na ushahidi uko karibu nasi. Tangu 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi, inayonunua na kuorodhesha machapisho ya ukanda wetu. Riwaya iliyochapwa Dar es Salaam yaweza kuandikiwa maelezo Nairobi, rekodi ikahifadhiwa Washington, na mkutubi wa Dodoma akaivuta kwa sekunde chache kupitia Z39.50, njia inayowezesha programu ya maktaba moja kuulizia katalogi ya nyingine. Jina la mwandishi limeshanyooshwa, mada imeshachaguliwa, uainishaji umeshapendekezwa. Hilo ni jema, na hakuna sababu ya kulionea haya, kwani kuandika upya kilichokwisha kuandikwa vizuri ni kupoteza nguvu. Lakini Washington haijui kitabu hicho kimekaa rafu gani Dodoma, ziko nakala ngapi, ipi ililoa mvua ilipopenya paa. Hajui wa Nairobi wala wa London. Anayejua ni mtu mmoja tu duniani, aliyesimama mbele ya rafu ile akiwa na nakala mkononi. Kile kinachoweza kuazimwa kwa sekunde ndicho tunachokifundisha kwa mihula; kile kisichoazimika tunamwachia kijana wa mafunzo ya vitendo akimalize kabla hajaondoka.

Kwenye majarida jambo hili linazidi kuwa zito, kwa sababu kitabu huja mara moja, jarida huja miaka nenda miaka rudi. Lichukue jarida la Kiswahili linalotolewa na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilizaliwa mwaka 1930 kwa jina la Kiingereza, kama taarifa ya kamati ya lugha iliyoundwa kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ilipobadilika jina, jarida nalo likabadilika. Baadaye likaitwa Swahili, na mwaka 1970 likawa Kiswahili. Jarida ni moja, majina ni manne, na kwa kanuni za katalogi kila badiliko kubwa la jina huzaa rekodi mpya. Maktaba inayoandika tu kwamba inalo jarida hilo haijasema kitu. Msomaji anataka kujua: mnalo kuanzia mwaka gani hadi gani, na katikati mmekosa nini? Ndiyo maana uga wa 866 humruhusu mkutubi kuandika kwa maneno na tarakimu juzuu alizonazo, na nyuga pacha za 853 na 863 huigawa taarifa hiyo hiyo vipande vipande ili kompyuta iweze kuipanga na kuikagua.

Zimo ndani ya utaratibu huo busara ambazo mtu hazioni mpaka zimwokoe. Mkutubi aweza kutofautisha pengo linalotokana na maktaba kukosa toleo na pengo linalotokana na toleo lenyewe kutochapwa kamwe. Kwa mtafiti, tofauti hiyo ina thamani ya nauli. Akijua kwamba matoleo ya mwaka fulani hayakutoka, ataacha kuyatafuta; akijua kwamba yalitoka ila maktaba hii haikuyapata, ataomba kwingine. Na pale majarida ya miaka miwili yalipojalidiwa kuwa juzuu moja nene yenye mgongo mweusi, katalogi inayosema toleo la Juni limo ndani ya juzuu ile inamwondolea msomaji imani potofu kwamba toleo limepotea. Hilo ndilo neno la tatu la lugha yetu likifanya kazi yake: toleo limo.

Faida ya pili huonekana maktaba zinapounganisha orodha zao. Mwaka 1927 maktaba za Marekani na Kanada zilichapa orodha ya pamoja ya majarida, ikionyesha si nani ana jarida tu, bali ana juzuu zipi. Leo WorldCat, katalogi ya pamoja inayoendeshwa na shirika la OCLC kutoka Ohio, ina zaidi ya rekodi milioni 500 za maelezo, na alama za maktaba zinazosema tunacho ni zaidi ya bilioni 3. Hata hivyo, alama ya tunacho ni neno kiko tu. Ili maktaba iseme tunacho kipi, matoleo gani, mahali gani, na kama tunaazimisha, hulazimika kuongeza rekodi ya nakala zake. Sasa lifikirie gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Karatasi za umri huo hukatika, huliwa na mchwa, hupotea katika kuhamahama. Maktaba moja yaweza kuwa na miaka michache ya mwanzo, nyingine mafungu ya katikati, ya tatu matoleo yaliyotawanyika. Kila moja ikiandika kwa ukweli ilicho nacho na ilichokosa, huenda vipande hivyo vikijumlishwa vikakaribia gazeti kamili, na watakaotaka kulipiga picha ili kulihifadhi wajue waanzie wapi. Zote zikiandika Mambo Leo tunalo, kila moja itadhani mwenzake ndiye mwenye akiba, na mchwa wataendelea kula.

Nakala hubeba pia historia ambayo toleo haina. Kielelezo cha wakutubi kilichotolewa mwaka 1998 na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, kiligawa kitabu ngazi nne, kuanzia kazi ya fikra ya mtunzi hadi nakala moja iliyopo. Ngazi ya mwisho ndiyo inayotiwa saini na mwandishi, inayoandikwa pembezoni kwa kalamu ya mwalimu aliyeitumia kufundishia, inayogongwa muhuri wa shule iliyokwisha kufungwa. MARC 21 ina nafasi ya kueleza nakala ilikotoka, katika uga wa 541, na mikono iliyopitia, katika uga wa 561. Kwa miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambayo kila nakala imeandikwa kwa mkono, hakuna toleo lingine la kurejea; nakala ndiyo kitabu. Asiyeandika taarifa zake ameacha nje kitu chenyewe.

Zipo hoja za upinzani, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni ya watu na muda. Mkutubi mmoja mwenye vitabu 20,000 na kompyuta mbili atasema hana nafasi ya kueleza hali ya kila nakala. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kumdai asichokiweza. Lakini muda aliookoa kwa kuvuta maelezo yaliyokwisha kuandikwa ndio mtaji wa kazi hii. Tena taratibu zenyewe zinaruhusu ngazi: mtu aweza kuanza na muhtasari, yaani mahali, namba ya rafu, idadi ya nakala, na kwa majarida mwaka wa kwanza na wa mwisho, akaacha mapengo yaelezwe baadaye. Kwa vitabu vya kiada vilivyojaa kila mahali, mistari hiyo inatosha. Umakini mkubwa uwekwe kwenye machapisho ya kwetu, ambayo tusipoyaandika sisi hakuna atakayeyaandika: magazeti ya mikoa, taarifa za halmashauri, tasnifu, riwaya za wachapishaji wadogo.

Ya pili husema maktaba yetu ni ndogo, mkutubi anajua kila kitu kilipo. Huenda anajua. Lakini ujuzi huo hukaa katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu huugua, huhamishwa, hustaafu. Siku anapokabidhi funguo hakabidhi kumbukumbu. Isitoshe, anayeuliza si lazima awe amesimama mlangoni; mwalimu aliyeko wilaya nyingine hawezi kusoma kilichomo kichwani mwa mkutubi, awezacho kusoma ni katalogi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya tatu ndiyo inayosikika zaidi siku hizi: kila kitu kinahamia mtandaoni, rafu zinakwisha, ya nini kuhangaika na namba za rafu? Anayesema hivi atafute mtandaoni magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1940 na aone ni mangapi atayapata kamili. Sehemu kubwa ya urithi wetu ulioandikwa bado ni karatasi, na kuipiga picha kunahitaji kwanza kujua ilipo. Hata machapisho ya mtandaoni hayaikwepi kazi hii. Maktaba inayolipia jarida la kielektroniki hununua miaka fulani, kupitia mchapishaji fulani, kwa masharti fulani. Katalogi isiposema kwamba tunaruhusiwa kusoma kuanzia mwaka gani, mwanafunzi atabonyeza kiungo na kukutana na mlango uliofungwa. Rafu imebadilika sura, swali halijabadilika.

Ya nne inastahili kusikilizwa kwa upole: kutangaza mahali kilipo kitabu adimu ni kumwelekeza mwizi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si ukimya. Uga wa 852 una nafasi ya maelezo yanayosomwa na wafanyakazi peke yao, na nyingine ya maelezo ya umma. Msomaji aweza kuambiwa kwamba nakala ipo na huombwa dawatini, huku kabati na sanduku vikibaki siri ya ofisi. Kisha, maktaba ambayo haikuandika kwamba nakala yake ina muhuri fulani na doa la wino ukurasa fulani, itathibitishaje siku nakala hiyo itakapoonekana sokoni? Kitabu ambacho hakikuandikwa kinaweza kuibwa bila mtu kujua kwamba kimeibwa.

Lipo sharti moja ambalo likivunjwa hoja yote huanguka: taarifa za nakala hazina thamani zisipotunzwa. Maelezo ya kitabu huandikwa mara moja yakadumu, kwa sababu mwaka wa kuchapishwa haubadiliki. Nakala ni kitu kinachotembea. Huazimwa, hurudishwa pasipo pake, huchanika, hupelekwa tawi jingine. Katalogi inayosema kipo wakati kitabu kilitoweka miaka mitano iliyopita humdhuru msomaji kuliko ile iliyokaa kimya, kwa kuwa inamfundisha kutoiamini hata inaposema kweli. Ndiyo maana kuhesabu vitabu rafu kwa rafu, kwa zamu, hata sehemu ndogo kila mwaka, ni sehemu ya kuorodhesha na si usumbufu wa nje. Anayekuta nafasi tupu abadilishe hali ya nakala siku hiyo hiyo. Anayepokea zawadi ya majarida ayaandike kabla hayajapanda rafuni. Wanaopanga bajeti za maktaba wasihesabu rekodi zilizoingizwa pekee. Waulize pia ni nakala ngapi zimehakikiwa.

Programu zitakuja na kuondoka. Maktaba ya Bunge la Marekani inaendeleza utaratibu mpya, BIBFRAME, unaokusudiwa kuirithi MARC, na humo pia nakala imepewa ngazi yake. Taarifa zilizoandikwa kwa utaratibu zitahamishwa. Zile ambazo hazikuandikwa hazina pa kuhamia. Siku maktaba zetu zitakapounganishwa katika orodha moja, Marekani itaweza kutupa maelezo ya vitabu vyetu, tena kwa wema. Haitaweza kutupa jibu la msomaji wa Songea au Lamu anayeuliza kama toleo analolitafuta lipo, liko tawi gani, limo katika juzuu ipi. Jibu hilo lina mwandishi mmoja tu, naye ni mkutubi aliye mbele ya rafu.